Mlezi Aliyevaa Sare ya Shule

Lugha yetu haina uhaba wa maneno kwa ajili ya mtoto mdogo. Kichanga hulala chali, kisha hujipindua akalala kifudifudi. Baadaye huketi, hutambaa, husimama dede, na mwishowe huenda tata. Aliyezaliwa katika Kiswahili huyapata maneno haya mgongoni mwa mama yake. Lakini sisi tunaofundisha huku Uganda tunao vijana wa miaka 13 hadi 17 ambao nyumbani husema Kiganda, Kisoga, Kinyankole au Kiacholi, na ambao Kiswahili chao kimeanzia darasani. Vitabu huwapa msamiati wa uwanja wa ndege, wa posta na wa bunge. Maneno ya mdogo wao, ambaye humwacha nyumbani asubuhi na kumbeba jioni, aghalabu hawapewi.

Hapana shaka vijana hawa ni walezi tayari. Uganda ni nchi ya watoto: takriban mtu mmoja kwa kila wawili hajatimiza miaka 18. Mama akienda shambani au sokoni, mwenye kumshika mtoto ni dada au kaka. Kiganda humwita mlezi omulezi, na hilo latosha kuonyesha kwamba jambo lenyewe ni la kale kwetu sote. Hata hivyo, kijana huyu akiingia darasani hakuna amwulizaye alichokiona jana nyumbani, kana kwamba ujuzi wake wa ulezi huachwa langoni pamoja na vumbi la njiani.

Jambo hili lilitugusa zaidi baada ya shule kufungwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Zilifungwa mwezi Machi 2020, na ingawa baadhi ya madarasa yaliitwa mapema, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Vijana waliorudi hawakuwa wale walioondoka. Wengi walikuwa wamelea wadogo zao kwa muda wa karibu miaka miwili; na baadhi ya wasichana walirudi wakiwa wamekwisha kuwa mama. Tukajiuliza: somo la lugha lina neno gani la kuwaambia hawa?

Mtaala mpya wa sekondari za chini, ulioanza mwaka 2020, unadai wanafunzi wafanye kazi za mradi. Tukaitumia nafasi hiyo. Tulimwagiza kila mwanafunzi amchague mtoto mmoja wa chini ya miaka mitatu, awe ndugu, jirani au mwingine yeyote, amtazame kwa majuma sita, na aandike kwa Kiswahili katika daftari. Masharti yalikuwa matatu: andika ulichokiona na kukisikia, si unachokidhani, usitaje jina la mtoto, na hakuna atakayeulizwa mtoto huyo ni wa nani.

Siku ile ile kijana mmoja wa kiume alisimama akasema, "Mwalimu, ulezi ni kazi ya wanawake. Sisi tupewe mradi wa kuku." Tukamjibu kwamba kuku wana zamu yao, naye akaenda, kwa shingo upande, kumtazama mdogo wake wa miezi saba.

Baada ya juma moja darasa lilijaa maswali ya lugha. Neno gani hutumika mtoto akitoa sauti zisizo na maana? Anayeshika ukuta ili asimame, tusemeje? Hatujapata kuona wanafunzi wakidai msamiati kwa hamu ile. Na katika madaftari yao mambo ya ukuaji yalianza kujitokeza bila sisi kuyahubiri. Waliona kwamba mtoto wa miezi sita au saba hurudia ba-ba-ba na ma-ma-ma. Kwamba karibu na mwaka mmoja hutamka neno lake la kwanza. Na kwamba kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili huanza kuunga maneno mawili. Tukawauliza kwa nini Kiswahili kina mama na baba, na Kiganda kina maama na taata. Wakajaribu midomo yao wenyewe, wakatambua kwamba konsonanti za namna hiyo, zikifuatwa na irabu a, ni nyepesi kwa mtoto. Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika makala mashuhuri juu ya suala hilo. Wao walilifikia wakiwa kwenye mkeka.

Katika darasa lile alikuwamo msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua. Hakukaa ila dawati la nyuma, wala hakuinua mkono muhula mzima. Siku ya kusoma madaftari aliinuka mwenyewe. Alisoma kurasa mbili juu ya mtoto wa miezi tisa ambaye huangusha kijiko, hungoja kiokotwe, kisha hukiangusha tena, hadi mara nane. Yule kijana wa kuku akamwuliza, "Ukimwokotea kila mara, si utamdekeza?" Msichana akajibu, "Hachokozi. Anataka kujua kama kijiko kitaanguka tena, na kama mimi nitakuwapo tena."

Darasa lilitulia. Hakuna aliyeuliza mtoto ni wa nani.

Jibu lile lilitupa njia ya kuwaeleza habari mbili. Ya kwanza ni ya Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, aliyejenga sehemu kubwa ya elimu yake juu ya akili ya mtoto kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu na kuandika walivyovishika, kuviangusha na kuvitafuta vitu. Ya pili iko karibu nasi zaidi. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Uganda pamoja na mumewe. Aliwatembelea akina mama Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, tena na tena, akiwatazama watoto wachanga 28 wa familia 26. Aliona jinsi mtoto amwaminiye mlezi wake anavyomwacha kidogo akatambaa kuchungulia mambo, kisha akarudi, kama chombo kinachojua bandari yake. Kitabu chake juu ya watoto hao kilitoka mwaka 1967, na kimekuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya mafungamano kati ya mtoto na mlezi, inayosomwa duniani kote.

Wanafunzi walistaajabu. "Kumbe waliotazamwa ni bibi zetu?" aliuliza mmoja. Ndiyo, ni bibi zenu, au jirani zao. Elimu hiyo ilichotwa hapa, ikaandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa katika maktaba za mbali. Kuirudisha kwa wajukuu, katika lugha ya Afrika Mashariki, ni haki yao.

Wako waliotupinga. Mzazi mmoja alihofu kwamba kuwafundisha vijana habari za watoto ni kuwaharakisha kuzaa. Hoja yake haikuwa ya upuuzi, nasi tulimpa daftari la mwanawe alisome. Alikuta humo usiku wa homa, nepi zilizofuliwa na maji yaliyochotwa mbali, na swali hili la kijana wake wa miaka 15: "Mama aliwezaje sisi watano?" Mzazi alilifunga daftari polepole, akaomba arudi nalo nyumbani. Kijana aliyeuona uzito wa ulezi kwa macho yake hahitaji kutishwa. Na aliye mama tayari hahitaji aibu, bali maarifa.

Maarifa yenyewe si mengi wala si ya gharama. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Asemeshwe, na asikilizwe anapojibu kwa sauti zake, kwa maana ubongo hukua upesi mno katika miaka ile ya mwanzo. Apewe cha kuchezea, hata kiwe mpira wa maganda ya migomba. Asipigwe kwa kuwa hajui. Na kwa mtoto wa miaka mitatu mchezo ni masomo: vijana wetu walitambua wenyewe kwamba mtoto wa chekechea aliyekalishwa asubuhi nzima akinakili herufi amenyimwa kitu.

Mkono mmoja haulei mwana, wala mwalimu mmoja hakusanyi msamiati wote. Basi tunawaomba wenzetu wa Burundi, Rwanda na Kongo wafanye kazi hii na wanafunzi wao, na watuletee maneno wayasemayo huko kwa mtoto anayebembelezwa, anayetambaa na anayeanza kusema. Tuna daftari tupu linaloyangoja.