Kiu ya Nywele

Mwili wa mwanadamu una viungo vinavyolia vikiumizwa, na una vitu viwili visivyolia hata vikikatwa, navyo ni kucha na nywele. Kwa sababu ya ukimya huo watu hudhani ya kuwa nywele hazina haja. Jicho likiwasha huoshwa, mguu ukiteguka hukandwa, tumbo likiuma hutafutiwa dawa; lakini nywele zikikauka husemwa tu kuwa ni mbaya, kana kwamba ukavu ni tabia zilizozaliwa nayo, wala si hali iliyozipata. Hukumu hiyo haina haki. Nywele kavu ni nywele zenye kiu, na kiu haiondolewi kwa lawama.

Malolo, katika Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Zamani Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea, na hata leo wenyeji wa pande hizo mbili huchangia mvua moja na jua moja. Mvua zikiisha, mnamo Aprili au Mei, hufuata miezi mirefu ya kiangazi. Majani hunyauka, midomo hupasuka, na vumbi hukaa juu ya kila kitu. Lakini kiangazi hicho hicho ndicho huleta mavuno ya ufuta. Magunia hubebwa kwenda katika maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo chama chao kikuu ni RUNALI, jina lililofupishwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Na humo ufuta hungoja mnada. Karibu nusu ya uzito wa punje ya ufuta ni mafuta. Basi nchi hutoa mafuta kwa magunia, hali vichwa vya watoto wake vimekauka. Wahenga walisema kuwa penye miti hapana wajenzi.

Msichana mmoja wa huko alimaliza kidato cha nne akiwa na nywele zisizozidi upana wa kidole. Kwa miaka 11, yaani 7 ya shule ya msingi na 4 ya sekondari, kichwa chake kilinyolewa, kama ilivyo desturi ya shule nyingi za serikali. Desturi hiyo haikosi hoja. Huokoa muda wa masomo, hupunguza gharama, na humstahi mtoto wa maskini asipambanuliwe na mtoto wa tajiri kwa msuko wake. Walakini ina hasara isiyoandikwa katika daftari lolote. Msichana huyo alizijua sehemu za ua na pembe za mstatili, wala hakuzijua nywele zake mwenyewe. Alizipokea ukubwani kama mtu aliyerithi shamba asilopata kulilima.

Alifanya yale ambayo wengi hufanya. Alinunua chupa ya shampuu dukani akaosha kichwa kila baada ya siku mbili, maana nywele zilikuwa ngumu, naye alidhani ugumu ni uchafu. Chupa ilipokwisha akatumia sabuni ya mche. Kadiri alivyoosha ndivyo zilivyokauka, na kadiri zilivyokauka ndivyo alivyozidi kuosha. Zikaanza kukatika katika chanuo. Alikuwa akijiandaa kwenda Lindi mjini kutafuta nafasi ya chuo, na hakutaka kuingia mji kwa kichwa alichokionea haya. Shoga zake wakamshauri atie dawa ya kulainisha nywele, ile yenye nguvu ya kuvunja umbo la unywele na inayoweza kuunguza ngozi ikikawia kichwani. Akaanza kuweka fedha kidogo kidogo.

Bibi yake alimtazama siku nyingi bila kusema. Hatimaye akamwambia, "Mke mwenzangu, hizo nywele huzioshi, unazifua."

"Si chafu, Bibi?"

"Uchafu ungekwisha kutoka. Hizo zina kiu."

Maneno hayo ya ajuza yana elimu ndani yake. Kiswahili kina vitenzi vingi vya maji, na kila kimoja kina mahali pake. Mikono hunawa, mwili huoga, vyombo huoshwa, nguo hufuliwa. Kitenzi kufua hutumika pia kwa mhunzi afuaye chuma na kwa mtu afuaye nazi. Kila kifuliwacho hupata kipigo. Asemaye kuwa nywele zinafuliwa amekwisha kueleza ugonjwa wake, na nusu ya dawa yake.

Maarifa ya leo yanakubaliana na ajuza huyo. Unywele uliokwisha kutoka katika ngozi hauna uhai. Ni utembo wa protini iitwayo keratini, uliofunikwa kwa magamba membamba yaliyopandana kama makuti ya paa. Katika shina lake mna tezi zitoazo mafuta ya asili. Katika unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka kwa urahisi mpaka nchani. Katika unywele wa kipilipili, uliojisokota toka shina hadi ncha, hukwama njiani. Ndiyo maana kichwa kimoja huweza kuwa na ngozi yenye mafuta na ncha zenye ukame. Nywele hukua kadiri ya sentimita 1 kwa mwezi, na za kipilipili aghalabu pungufu ya hapo. Basi ncha ya unywele wa sentimita 12 imekwisha kuona jua, vumbi na chanuo kwa mwaka mzima au zaidi. Ncha ni mzee wa unywele, na mzee hasuguliwi kama chungu.

Shampuu yenyewe haistahili kutukanwa. Neno lake limetoka katika Kihindi, na maana yake ya asili ilikuwa kubonyeza na kukanda. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna huko India, alifungua nyumba ya kuogea na kukandwa mjini Brighton, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, na neno likaenea. Mwaka 1903 Hans Schwarzkopf aliuza shampuu ya unga mjini Berlin. Katika miaka ya 1930 Wamarekani wakatoa shampuu zisizo za sabuni, zilizotengenezwa kwa vitakasio vya viwandani. Zilikuwa na faida, kwa kuwa sabuni ikikutana na maji ya kisima yenye chokaa huacha utando mweupe, na vitakasio hivyo haviachi. Lakini kitakasio kikali hakijui kupambanua mafuta yaliyoshika vumbi na mafuta yaulindao unywele, huchukua yote. Sabuni ya mche ina ukali wa namna nyingine. Katika kipimo cha pH husoma 9 au 10, upande wa magadi, hali ngozi ya kichwa husoma karibu na 5, upande wa uchachu. Chini ya magadi magamba ya unywele huinuka, nywele hukwaruzana, na maji yaliyomo hutoka upesi.

Mwenye nywele kavu, basi, aweza kuziacha shampuu za dukani bila kuacha usafi, mradi ajue utaratibu. Kwanza hupaka mafuta kabla ya kuosha. Ya nazi yanafaa zaidi kwa kazi hii. Utafiti wa wataalamu wa India uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha ya kuwa hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Pili hukanda ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha, na kwa maji ya vuguvugu, mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Maji na vidole, vikipewa muda, huondoa vumbi na jasho kuliko watu wanavyodhani. Anayetaka utelezi huchemsha bamia chache, akachuja ule ute kwa kitambaa safi na kuupitisha katika nywele ili mafundo yafunguke bila vita. Ute huo hautunzwi siku nyingi, maana huoza. Tatu husuuza kwa maji ya ukwaju mepesi, yasiyozidi uchachu wa kinywaji, ili magamba yalale, kisha humaliza kwa maji matupu. Nne, nywele zikiwa zingali na unyevu, hupaka mafuta machache ya ufuta.

Katika hatua hii ya nne wengi hukosea. Mafuta si maji. Hayanyweshi unywele, bali huyafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia, kama kifuniko kifungiavyo mtungi. Apakaye mafuta juu ya nywele kavu amefunika mtungi mtupu. Baada ya hapo chanuo lenye meno mapana huanzia nchani na kupanda kidogo kidogo kuelekea shinani, nazo nywele husukwa mabutu au hufungwa kwa uzi, bila kukazwa hata ngozi ya paji ikavutika. Maana msuko unaoumiza huweza kuling'oa shina lenyewe.

Mafuta ya ufuta hayahitaji kiwanda. Punje hupepetwa, hukaangwa kidogo, hutwangwa, kisha huchemshwa na maji kwa moto wa taratibu hata mafuta yakaelea na kuenguliwa. Hupatikana pungufu ya nusu ya uzito, lakini kichwa kimoja hakihitaji debe.

Si kila lililo la kale ni jema. Majivu na magadi hukausha kuliko shampuu yoyote. Ndimu isiyochanganywa na maji huunguza ngozi. Mafuta ya nyonyo ni mazito na hufungia maji vizuri, walakini mbegu zake zina sumu iwezayo kuua mtoto. Hazifai kutwangwa katika kinu cha chakula, wala kuachwa uani. Tena hapana ushahidi imara kwamba mafuta hayo huotesha nywele. Mba si ukavu siku zote, na mafuta mengi huweza kuilisha. Mapunye hayatibiwi kwa mafuta ya jikoni; mtoto mwenye mapunye hupelekwa zahanati. Anayezitetea mila bila kuzichuja huziletea aibu kuliko adui yake.

Mafuta hayakupata kuwa jambo dogo katika pande hizi za kusini. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa na mafuta, na mwaka 1946 ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza ardhi za kulima karanga. Mwaka 1947 kazi ilianzia Kongwa. Baadaye ikaenea hata Urambo na Nachingwea. Miti iling'olewa kwa matrekta, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikalazwa kutoka pwani kwenda Nachingwea. Januari 1951 mpango uliachwa, ukiwa umekwisha kumeza pauni milioni 36 hivi, nayo reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wageni walikuja na mashine kutafuta mafuta ya kupeleka mbali, wakashindwa. Ufuta ukafaulu kwa jembe la mkono, lakini nao huenda mbali. Si dhambi kuuza. Karo, bati la nyumba na nauli ya kwenda Lindi hutoka humo. Hasara huja pale muuzaji anaposahau kazi ya kitu akiuzacho.

Usahaulifu huo una njia yake. Maarifa ya nywele hayakupata kuandikwa. Yalifundishwa kwa mkono, mtoto amekaa chini, kichwa baina ya magoti ya mkubwa wake. Na pamoja nayo zilifundishwa habari za ukoo, adabu, mafumbo, na majina ya miti. Msuko wa saa tatu ulikuwa darasa la saa tatu. Shule iliponyoa vichwa haikukusudia kulifunga darasa hilo, lakini lilifungwa, kwa kuwa mwalimu alikosa kitu cha kushika. Mabibi wanaolijua somo hili wanapungua kila mwaka, na wajukuu wanaolihitaji wanaongezeka kila muhula wa mitihani.

Kwa msichana wa Malolo haukutokea muujiza. Bibi alizikata kwanza ncha zilizokwisha kuharibika, na kichwa kikarudi kuwa kifupi, jambo lililomliza mjukuu. Kisha wakaketi kila Jumapili. Nywele hazikurefuka ghafula, bali ziliacha kukatika, na zisizokatika huonekana kukua. Fedha za dawa zikawa nauli. Alikwenda Lindi na nywele fupi zilizofungwa kwa uzi, na chupa ndogo ya mafuta ya ufuta iliyokuwa ya soda.

Lililo kubwa ni kwamba katika Jumapili hizo aliuliza maswali, akajibiwa. Alijifunza kupepeta na kuengua, akajua kwa nini maji hutangulia mafuta, akasikia majina ya wazee asiopata kuwaona. Shule haihitaji kubadili sheria yake ndipo mambo hayo yafundishwe. Mikono ya mtoto hainyolewi. Yatosha, ufuta ukishapepetwa na kabla gunia halijashonwa mdomo kwenda ghalani, kibaba kimoja kibakie nyumbani, na mtoto aitwe kinuni kutwanga akiwa karibu na yule anayejua.