Tulimficha Dada

Nina ndoto ya kuandika riwaya. Tangu nimalize kidato cha nne, madaftari yangu yamejaa visa vya kubuni. Kisa hiki sikukibuni, na ndani yake mimi si shujaa.

Mwaka 2018, msimu wa ufuta, dada yangu alijifungua mtoto wa kike katika zahanati moja huku kwetu Ruangwa. Mama akapiga vigelegele, mara nesi akamwambia anyamaze. Damu ilikuwa haikatiki. Kanga ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa. Tukapakiwa kwenye gari kwenda Nachingwea, mimi nimemshika dada miguu, mama kambeba kichanga.

Usiku ule nilijifunza nisiyofundishwa darasani. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi hujikaza na kuibana mishipa ya damu. Ukilegea, damu humwagika. Mzazi huchomwa sindano ya oksitosini, husuguliwa tumbo, huongezewa damu. Yakishindikana yote hubaki moja: kuutoa mfuko wenyewe ili mama aishi. Dada alikuwa hajitambui, shemeji yuko safarini. Mimi nikaisoma karatasi, mama akaweka dole gumba.

Dada akapona. Nesi akatuasa, "Akipata nguvu mwambieni." Lakini mama akanivuta pembeni. "We mwanangu, nyamaza. Mumewe akisikia atamwacha. Sema kasafishwa tu."

Nami nikasema kasafishwa tu.

Sisi Wamwera ukoo hufuata kwa mama. Dada alichezwa unyago, akafundwa kuhusu kuzaa na kulea. Basi akawa anangoja siku zake zirudi. Mama akasingizia kunyonyesha. Mtoto akaacha ziwa, hola! Dada akanywa mizizi ya kila aina. Mawifi wakanong'ona eti kafungwa na mtu. Siku moja mwaka 2020 akaniita uani.

"Mdogo wangu, wewe ndiye uliyeisoma ile karatasi. Iliandikwa nini?"

Nikamwambia. Alikaa kimya muda mrefu.

"Kumbe nimewachukia watu bure," akasema. "Kukatwa sikulaumu, nisingekuwepo leo. Lakini nyinyi wawili mliujua mwili wangu, mimi mwenyewe sikuujua!"

Shemeji naye alipoambiwa alikasirika, si kwa sababu ya kizazi, bali kwa kufichwa. Hakumwacha.

Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Na mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini: damu ikipimwa kwa karatasi ya plastiki yenye alama, na tiba zote zikatolewa kwa pamoja mapema, kutokwa damu kwa hatari hupungua kwa asilimia 60. Ni habari njema. Lakini hesabu hizo haziwataji waliopona kama dada, wasioambiwa kwamba hedhi haitarudi, mimba haitaingia tena, ila mayai yakiachwa mwanamke hazeeki ghafla, na bado ni mwanamke kamili.

Mpwa wangu ameanza shule. Dada ndiye aliyeniambia niandike haya. "Andika," alisema, "ila safari hii usifiche."