MAMA NA BAHARI (Sehemu ya 9)

Jamani, zamu ya usiku tulikuwa tunaangalia kwenye simu meli ya kifahari ikizunguka Ugiriki na Italia, watu wanashuka kupiga picha kwenye magofu. Nikaanza kujiwekea hela.

Kisha mama akaugua. Kitandani akaniuliza, "Mwanangu, hivi huu Mto Sigi wetu unaishia wapi?" Umri wote ule, hajawahi kuiona bahari!

Alipopona tukapanda basi hadi Tanga, halafu Tongoni, kama kilomita 17 kusini. Magofu ya msikiti wa kale, makaburi ya nguzo, na bahari hapo hapo. Mama akachovya miguu, akaonja maji, akatema. "Kumbe kweli yana chumvi!"

Hela ya meli bado naweka. Ila wewe usingoje meli. Mzazi wako hajaona nini?