Injini Iliyochemka Kwenye Theluji

Leo naweka programu kando niwape kisa cha gari. Msiondoke lakini, maana mwishowe ni hadithi ile ile ya kutafuta hitilafu, na mwenye makosa mtamjua.

Msimu wa baridi wa 2022 kuingia 2023 nilikuwa Minnesota, Marekani, nikimalizia masomo. Mjomba wangu anaishi karibu na Minneapolis, na usiku wa theluji hufanya kibarua cha kusafisha maegesho ya magari. Ana pikapu iliyofungwa bapa la chuma mbele, kama la greda, la kusukumia theluji. Mimi nikawa utingo wake.

Usiku mmoja wa Machi tulimaliza uwanja wa kwanza tukashika barabara kuu kwenda wa pili. Baada ya dakika chache mshale wa joto ukapanda hadi karibu na nyekundu. Nje maji yanaganda, ndani injini inachemka! Mjomba akaegesha kando, akafungua hita yote ili ivute joto kutoka kwenye injini. Mshale ukashuka. Tukaondoka, ukapanda tena. Tulifika tumechelewa, na mwenye uwanja akasema tukirudia atampa kazi mtu mwingine. Mjomba aliogopa zaidi kuunguza gasketi ya hedi, maana hiyo ingemaliza pesa za msimu mzima.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, tulifungua rejeta. (Usifungue ikiwa moto: maji yako chini ya shinikizo na yatakurukia usoni.) Kulanti ilikuwa imejaa. Fundi akabadilisha thamostati, ile vali inayokaa imefungwa mpaka maji yafike kama digrii 90. Shida ikabaki. Akabadilisha pampu ya maji. Shida ikabaki, na mjomba amelipa mara mbili.

Hapo nikachukua daftari, kama ninavyofanya programu ikinishinda, nikaandika ni wakati gani hasa inachemka. Tukisukuma theluji polepole: sawa. Tukisimama injini ikinguruma: mshale unashuka. Tukikimbia barabara kuu: unapanda.

Angalieni vizuri. Feni ikiwa mbovu, gari huchemka kwenye jam, kisha hupoa likikimbia kwa sababu upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Letu lilikuwa kinyume. Basi feni nzima, ila upepo haufiki kwenye rejeta. Na mbele ya rejeta kulikuwa na nini? Bapa, limeinuliwa juu kama ukuta. Tukalivua, tukapita barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Mshale ukakaa katikati.

Nilijiona fundi mkuu, mpaka mjomba aliponiuliza, "Bapa hili ninalo mwaka wa nne. Mbona halikunichemshia gari miaka hiyo yote?"

Swali hilo ndilo ningepaswa kuanza nalo: ni nini kimebadilika, na nani aligusa mwisho?

Aligusa huyu anayewaandikia. Mwezi wa Januari, baridi ilipopita digrii 20 chini ya sifuri, hita haikunitosha. Nikakata katoni, nikaifunga nyuma ya grili ifunike nusu ya rejeta, injini ipate joto haraka. Watu wengi hufanya hivyo kule. Ilifanya kazi vizuri, nikaisahau. Sikumwambia mtu.

Katoni peke yake haikuwa na neno. Bapa peke yake halikuwa na neno. Hata vyote viwili, kwenye baridi ile ya Januari, vilivumilika. Lakini Machi hewa ilikuwa imekaribia sifuri, na rejeta ikakosa pumzi.

Nilimpelekea mjomba ile katoni mkononi. Aliitazama muda mrefu. "Ungeniambia tu, kijana." Hakusema lingine, na afadhali angenigombeza. Pesa ya pampu na thamostati niliilipa kwa vibarua vya usiku uliobaki.

Tukatoa katoni. Pia tukianza safari tulishusha bapa kidogo, juu ya lami lakini chini ya usawa wa rejeta, tukaligeuza pembeni na kupunguza mwendo. Mshale haukupanda tena.

Sasa nimerudi Nairobi, na kazini nikibadilisha hata mstari mmoja naandika nimebadilisha nini na kwa nini, hasa ukiwa umefanya kazi vizuri. Kilichoharibika kila mtu hukitafuta. Kinachofanya kazi ndicho husahaulika, halafu hali ya hewa inabadilika.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na kabla hujamlaumu fundi, chungulia kwanza nyuma ya grili.