Uvimbe Niliouita Kitambi

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina umri wa miaka 36. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijijini.

Mwaka jana tumbo langu lilianza kukua. Watu walinitania wakisema, "Afisa amepata kitambi!" Nami nilicheka. Lakini usiku, nilipolala chali, niligusa kitu kigumu kama chungwa. Baada ya miezi michache kilikuwa kama nazi. Niliogopa, nikanyamaza.

Siku moja niliandika ubaoni: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Bibi mmoja, mwanafunzi wetu, alisoma neno kwa neno mpaka mwisho. Kisha akanitazama.

"Mwalimu, mwanangu," alisema, "mbona tumbo lako limevimba upande mmoja? Hicho si kitambi."

Nilikosa jibu. Kesho yake nilikwenda hospitali.

Daktari alinibonyeza tumbo. Uvimbe ulisogea kushoto na kulia, lakini haukusogea sana juu na chini. Kisha nilipimwa kwa altrasaundi. Chombo hiki hutumia mawimbi ya sauti kuonyesha vitu vilivyo ndani ya mwili. Hakiumizi. Kilionyesha mfuko uliojaa majimaji.

Ndugu msomaji, ukichinja mbuzi utaona utando wenye mafuta unaoshikilia utumbo. Binadamu naye anao. Mfuko wangu ulikuwa umeota katika utando huo. Ugonjwa huu ni wa nadra, na mara nyingi si saratani. Hata hivyo, mfuko ukikua unaweza kuziba utumbo, kujisokota au kupasuka.

Nilimwuliza daktari, "Je, maji hayawezi kutolewa kwa sindano?"

Alijibu, "Yatajaa tena. Dawa yake ni kuutoa mfuko wote."

Nilichomwa sindano ya usingizi, nikapasuliwa. Mfuko ulitolewa mzima, ukapelekwa maabara kupimwa. Haukuwa na saratani. Nilishukuru sana.

Uvimbe wa tumbo una sababu nyingi. Macho hayatoshi kuujua. Usiupe jina wewe mwenyewe, wala usikubali utobolewe nyumbani. Wahi hospitali ukapimwe.

Nilipopona nilirudi darasani. Bibi yule aliniomba niandike tena maneno yale ubaoni. Nikaandika.

"Haya, Mwalimu," alisema, "leo soma wewe."

Nilisoma kwa sauti, darasa zima likisikia.