Kimathi Alinyongwa kwa Sababu ya Rivolva Moja

Wasee, swali moja. Dedan Kimathi alinyongwa kwa kosa gani? Najua wengi watasema ni kuua Wazungu. Zii. Shtaka lilikuwa kupatikana na rivolva ya Webley & Scott, .38, pamoja na risasi sita. Basi.

Na hiyo rivolva ilikuwa ya kawaida tu. Webley zilitengenezwa Birmingham, na jeshi la Uingereza lilizibeba Vita Kuu ya Pili. Unaifungua kwa juu, maganda yanaruka nje, unaweka risasi sita zingine. Wajapani nao walikuwa na yao ya kufunguka vile vile, Type 26, waliyoianza 1893 na ikadumu hadi vita vya 1945.

Vijana wetu walipigana na hao Wajapani kule Burma wakiwa KAR. Mmoja alikuwa Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau. Yaani serikali ilimpa mwanaume silaha akapigane mbali na kwao, na hiyo ikaitwa kazi.

Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Sheria zake zikafanya kupatikana na bunduki bila kibali kuwa kosa la kifo. Chuma ni kile kile, manze. Kwa kiuno cha afisa wa Uingereza ni sehemu ya yunifomu. Kwa kiuno cha Kimathi ni kitanzi.

Alipigwa risasi na kukamatwa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Kortini alisema alikuwa anaenda kujisalimisha. Jaji O'Connor hakumwamini. 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti, akazikwa bila hata alama ya kaburi. Rekodi za kesi zilipotea miaka mingi, hadi Julie MacArthur akazichapisha 2017. Niliacha kampasi, lakini kusoma sikuacha.

Nikitoka Syokimau na treni kuingia tao, huwa napita sanamu yake pale Kimathi Street. Wamempa bunduki ndefu mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Iko fiti, watu wanapiga picha, lakini ukiiangalia utadhani alifia vitani. Aliuawa na kifungu cha sheria na sahihi ya jaji.

Kwa hivyo siku nyingine ukisikia kijana ameshtakiwa kwa kupatikana na kitu fulani, usikimbilie kuuliza kama alikuwa nacho. Anza na hiyo sheria: nani aliiandika, na alikuwa anamwogopa nani?