Jioni ya Mashabiki Koshien

Treni ya reli ya Hanshin ikitoka Umeda, katikati ya Osaka, hufika kituo cha Koshien kwa takribani robo saa. Jioni ya mechi hakuna haja ya kuuliza unashukia wapi. Mabehewa yamejaa jezi nyeupe zenye mistari myeusi na taulo za njano shingoni. Wafanyakazi wa ofisini wamevaa jezi juu ya shati na tai, wanafunzi bado wana mikoba ya shule, na kinamama wamewavika watoto wachanga rangi za timu. Wote wanashuka kituo kimoja. Ukishapita chini ya barabara kuu ya juu inayotenga kituo na uwanja, unaukuta uwanja umesimama mbele yako, ukuta wake umevaa mimea itambaayo, kijani kibichi.

Hapa ni nyumbani kwa Hanshin Tigers, timu ya besiboli iliyoanzishwa mwaka 1935. Uwanja umeitangulia timu: ulifunguliwa tarehe 1 Agosti 1924, na wakati wa vita paa lake la chuma lilitolewa likayeyushwe kwa mahitaji ya jeshi. Uko Nishinomiya, mkoa wa Hyogo, kati ya Osaka na Kobe, na miji yote miwili huiita timu hii yetu. Nilikwenda kuwatazama mashabiki kuliko wachezaji, na nasema bila kusita: sijaona mahali pengine ambapo kushangilia ni kazi yenye mafunzo, zamu na nidhamu kama pale.

Kwa asiyeujua mchezo, inatosha kujua kwamba timu hupokezana. Moja inarusha mpira na kulinda, nyingine inapiga. Waliopiga wakitolewa watatu, wanabadilishana, na kila timu hupata zamu tisa. Mpigaji akizunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia, timu yake imepata pointi.

Ushangiliaji wote wa Koshien umefungwa kwenye mpangilio huo. Tigers wakipiga, jukwaa la nyuma upande wa kulia linasimama lote. Kuna wapiga tarumbeta, wapiga ngoma kubwa, wabeba bendera na viongozi wanaowageukia mashabiki na kuupa uwanja mgongo. Kila mpigaji wa kawaida ana wimbo wake. Akiingia Chikamoto Koji, kijana wa kisiwa cha Awaji kilicho ng'ambo tu ya bahari, unaanza wa kwake. Akimfuata mwingine, tarumbeta hubadilisha mahadhi pale pale na maelfu hubadilika nazo. Hakuna karatasi ya maneno. Watu wamejifunza nyumbani, garini, kwa wazazi wao. Mikononi wana vipaza sauti vya plastiki, viwiliviwili, wanavigonganisha kwa mapigo ambayo hata mtoto wa miaka sita hakosei. Alipoingia Sato Teruaki, ambaye ni mzaliwa wa Nishinomiya hapo hapo, kelele ilipanda mpaka nikaisikia kwenye benchi nililokalia.

Kisha Tigers wanatolewa watatu, na jukwaa zima linakaa. Sasa ni zamu ya wageni kupiga, na wale mashabiki wachache wenye jezi nyekundu za Hiroshima, waliobanwa kwenye pembe ya kushoto, wanasimama na kuimba nyimbo zao. Tarumbeta za wenyeji zimenyamaza. Watu wanakula. Kari ya Koshien inauzwa tangu uwanja ulipofunguliwa, na wasichana wenye mapipa ya bia mgongoni wanapanda na kushuka ngazi wakitabasamu huku jasho likiwatiririka. Nilimtazama mmoja wao akipiga goti kila alipomimina, ili asiwazibe walioketi nyuma yake. Hata muuzaji bia anajua kwamba mtu amekuja kuutazama mchezo.

Kando yangu alikaa bibi mwenye jezi iliyofifia, pamoja na mjukuu wake wa chuo kikuu aliyenitafsiria kwa Kiingereza. Nilimuuliza bibi ameanza lini kuipenda timu. Akanijibu kwamba baba yake alikuwa wa Tigers, na akaona jibu limetosha. Kisha akanyoosha kidole kuelekea ukuta wa katikati ya uwanja na kusema, "1985."

Kila shabiki wa Tigers anajua maana yake. Tarehe 17 Aprili 1985, kwenye uwanja huu, Randy Bass, Kakefu Masayuki na Okada Akinobu wa Tigers walipiga mipira kwa kufuatana, yote mitatu ikavuka ukuta na kuangukia huko katikati. Waliopigwa ni Yomiuri Giants wa Tokyo, timu tajiri yenye mataji mengi kuliko zote Japani. Uhasama wa timu hizi mbili ni wa zamani, na msomaji aliyekulia kati ya Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi, isipokuwa kwamba hapa unaongezeka uhasama wa miji: Osaka ya wafanyabiashara dhidi ya Tokyo ya serikali.

Mwaka huo Tigers walitwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Walipotwaa taji la ligi mwezi Oktoba, mashabiki walikusanyika kwenye daraja la Dotonbori, Osaka, wakawa wanaita jina la mchezaji mmoja mmoja, na aliyefanana naye anaruka mtoni. Ilipofika zamu ya Bass, Mmarekani mwenye ndevu, hakupatikana wa kufanana naye. Wakaibeba sanamu ya Colonel Sanders iliyosimama mbele ya duka la kuku wa kukaanga, wakaitupa majini. Miaka iliyofuata ikawa ya mateso. Kati ya 1987 na 2001 Tigers walishika mkia wa ligi yao mara 10, na watu wakasema sanamu imewalaani. Ilipoopolewa mtoni mwaka 2009, tayari walikuwa wameshafika tena fainali ya Japani na kuaibika: mwaka 2005 walipoteza mechi nne mfululizo kwa Chiba Lotte, jumla ya pointi 33 kwa 4. Hesabu hiyo wapinzani huwakumbusha hadi leo.

Ninachokistahi ni kwamba viti havikuachwa. Timu inayoshika mkia mara kumi ingekimbiwa. Watoto waliozaliwa katika miaka ile walirithishwa nyimbo zile zile, wakazipigia ngoma timu za wachezaji dhaifu kwa sauti ile ile.

Mwaka 2023 Okada, yule wa mpira wa tatu, alirudi akiwa kocha mwenye miaka 65. Msimu mzima alikataa kulitamka neno ubingwa, akasema tu "kile", asiwape vijana wake mzigo. Tarehe 14 Septemba, hapa hapa, Tigers waliwafunga Giants 4 kwa 3 na taji la ligi likawa lao. Miezi miwili kabla, Yokota Shintaro, mchezaji wao wa zamani, alikuwa amefariki akiwa na umri wa miaka 28 baada ya kuugua uvimbe wa ubongo. Mrushaji Iwazaki Suguru, aliyesajiliwa mwaka mmoja naye, aliingia kufunga mechi kwa wimbo ambao Yokota alizoea kuingia nao, na uwanja mzima ukauimba. Wachezaji waliporushana juu kwa furaha, Iwazaki alirushwa akiwa ameishika jezi namba 24 ya marehemu. Mjukuu aliponisimulia hayo alilazimika kunyamaza kidogo, na bibi akamshika mkono. Novemba mwaka huo waliifunga Orix katika mechi ya saba, wakawa mabingwa wa Japani kwa mara ya pili baada ya miaka 38.

Zamu ya saba ilipofika kila mtu aliinua taulo, na ukapigwa wimbo wa timu, unaotaja upepo unaoshuka kutoka mlima Rokko. Zamani walirusha maputo marefu ya rangi kwa maelfu. Korona ilipoingia mwaka 2020 yakasimamishwa, kwa kuwa yalijazwa kwa pumzi ya mdomo. Nilitazama picha zake kwenye simu ya kijana yule. Wimbo peke yake ulinitosha.

Tigers walifungwa jioni ile. Mpigaji wa mwisho alitolewa huku wimbo wake ukiimbwa hadi neno la mwisho, na watu wakazoa vikombe vyao na kuelekea stesheni bila kusukumana.

Agosti uwanja huu hauko mikononi mwa Tigers. Huachiwa shule za sekondari za Japani yote kwa mashindano yao makubwa ya kiangazi, na timu ya kulipwa husafiri majuma kadhaa kucheza kwingine. Wanafunzi wanaotolewa huchota udongo mweusi wa uwanja kwenye mifuko wakaende nao nyumbani. Jina la Koshien limefika hata kwetu: mashindano ya besiboli ya shule za sekondari Tanzania yanaitwa kwa jina hilo, na mwaka 2018 ulifunguliwa uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani kwenye viwanja vya Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam.

Msimu wa ligi huanza mwishoni mwa Machi. Ukipata safari ya Osaka, nunua tiketi mapema, kwani mwaka 2024 pekee mashabiki zaidi ya 3,000,000 walihudhuria mechi za nyumbani za Tigers. Omba kiti cha jukwaa la kulia, usivae rangi za wageni maana kanuni za jukwaa hilo haziruhusu, na jirani yako akikupa kimoja cha vipaza sauti vyake, pokea usimame naye.